Mjomba Hai Juu ya Jeneza

Mjomba wangu haswali, na mtaa mzima wajua kwamba haswali. Ijumaa, watu wakipita na kanzu zao kwenda msikitini, yeye hubaki ameketi barazani mwa nyumba yake, hapa Mji wa Kale, akinywa kahawa na kumwamkia kila apitaye kwa adabu zote. Alikuwa karani bandarini mpaka alipostaafu. Husema huko ndiko alikoachana na dini, bila ugomvi, kama mtu aliyeacha sukari.

Majirani hawakumchukia. Walimngojea tu. "Wacha roho imfike kooni," walikuwa wakisema, "tutamsikia atakavyomwita Mola wake." Na hao hao, ukiwauliza, watakwambia kwamba toba ya roho iliyofika kooni haipokelewi. Kwa hiyo walikuwa wakimngoja atubu wakati ambapo toba haitamfaa kitu, ili wao wapate kusema, si tulisema? Mjomba akizisikia habari hizo hucheka. "Mwenye hofu husema lolote," hujibu. "Hata mwizi akikamatwa humtaja Mungu, na watu hawamfanyi imamu."

Asiyecheka ni mkazamjomba, mkewe. Yeye hakutaka kumshinda mtu kwa ubishi. Siku moja, akikuna nazi jikoni, aliniambia kwamba hofu yake ni moja tu: Mungu akimjaalia yeye pepo, atakaa huko na nani? "Na yule hana hata rakaa ya kumtetea," akasema, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Basi Ijumaa moja adhuhuri nilikuwa nimepita kuwajulia hali, nikijipa udhuru kwamba nimeshachelewa sala. Mjomba akaweka kikombe chini, akashika kifua, akatokwa na jasho jingi. Nikapiga simu. Gari la wagonjwa likaja haraka, nasema kweli, lakini likakwama barabarani, maana kichochoro chetu hata mkokoteni haupiti bila ya matusi. Dereva alikuwa peke yake. Akanipigia kusema tumlete mgonjwa sisi wenyewe.

Tumlete vipi? Mjomba si mwembamba. Jirani yetu seremala ndiye aliyepata akili: msikiti tumepakana nao ukuta, na jeneza lao ni jipya, lina mikono mizuri. Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu jeneza ni chombo cha mtaa, sawa na yale masufuria makubwa ya harusi. Mkazamjomba akaleta mto, mjomba akalazwa, nami nikashika mkono wa mbele. Jua lilikuwa kali, na seremala, kwa huruma yake, akamfunika mgonjwa shuka jeupe kutoka kichwani hadi miguuni.

Hapo ndipo tulipomwua.

Tulipotoka kichochoroni sala nayo ilikuwa imekwisha, watu wanamiminika nje. Na desturi yetu ni kwamba jeneza halikupiti hivi hivi. Utaingiza bega, utachukua hatua chache, utapata thawabu zako, kisha utampisha mwenzako. Ni nani aliyekufa, hilo huulizwa baadaye. Mikono ikaja kila upande. Mimi nikasukumwa nyuma, na mkono wangu wa jeneza ukapata mwenyewe mwingine. Mtu akaianza kalima, "La ilaha illallah," wengine wakaipokea. Wenye maduka wakafunga milango nusu. Kijana Mkristo wa bara anayeuza vifuniko vya simu pale pembeni akavua kofia.

"Yu hai!" nikapiga kelele. "Ni mgonjwa! Yu hai!"

Mzee mmoja akanishika bega. "Subira, mwanangu," akaniambia kwa upole. "Kila aliyefiwa huona hivyo."

Kufika njia panda, kushoto ndiko liliko gari, kulia ndiko kwendako makaburini. Jeneza likakata kulia.

Sasa na niseme nilichokuwa nikiwaza mimi, niliyelelewa kwa sala tano na kupigwa bakora katika chuo cha Kurani. Mjomba wangu apelekwa kuzikwa mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nikiwaza kiatu changu, kilichonivuka katika msukumano ule na ambacho sikukipata tena.

Mara shuka likatikisika. Mjomba akainuka, akaketi kitako, ndevu zimemsimama.

"Mwanipeleka wapi nanyi?" akauliza. "Wallahi mimi ni mzima! Ya Rabbi, n'shusheni! Ndia si hiyo!"

Watu wale huamini ufufuo tangu wakiwa watoto, na huusomea kila siku. Siku ile waliuona, wakatoka mbio. Aliyekuwa akiongoza kalima ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika mbali. Jeneza likaenda upande, na mjomba angeanguka kwa kichwa lau mkazamjomba hangetokea. Desturi yetu mwanamke hafuati jeneza. Yeye alikuja mbio katikati ya wanaume, hana buibui, kichwa wazi, leso imefungwa kifuani tu, akipiga ukelele, "Mumewangu! Mumewangu huyo!" Akalidaka jeneza kwa mikono yote miwili, na hakuliachilia mpaka mimi na seremala tulipolishika, tukageuka nalo mpaka garini.

Hospitali iko upande wa Kizingo, kwenye miti na kimya. Daktari alisema ni moyo, lakini tumewahi. Kufika alasiri mtaa wetu ulikuwa umeshagawanyika. Kundi moja lilisema mjomba ameamini, maana aliapa kwa Mungu na akamwita Rabbi mbele ya mashahidi. Kundi la pili lilisema ile ni pumzi ya mtu anayeogopa kaburi. Hakuna kundi lililozungumzia ni nani waliokuwa wakimpeleka kaburini. Nilipompa mjomba habari hizo alicheka polepole, kifua kikimuuma.

"Mimi ni Mswahili," akasema. "Wataka nishtuke kwa lugha gani? Mtu wetu hawezi hata kujikwaa bila ya kumtaja Mungu."

Nilidhani mkazamjomba atafurahi. Lile neno alilolingoja tangu siku ya ndoa yake lilikuwa limesemwa, tena hadharani. Lakini alikuwa amejikunyata kwenye kiti, amevaa buibui la kuazima, hamtazami mumewe.

"Una nini?" mjomba akamuuliza.

"Nalimsahau Mungu," akasema. "Siku zote najiambia, siku ya hatari nitamwomba, nitamwombea na yule asiyeomba. Ikaja. Hata bismillahi sikuisema. Nalikuona wewe tu." Akalia kwa sauti, kilio cha mwenye hofu ya kweli, na mimi nikaona aibu kuwapo. Yeye sasa alikuwa akiuliza kama pepo itamtaka.

Mjomba akamtazama. Hakufanya mzaha, naye mzaha haumshindi hata msibani. Kisha akainua mikono yake, ule mmoja ukiwa na mpira wa dawa na plasta, akaikunjua viganja kama tulivyofunzwa chuoni. Alikuwa ametulia, hatari imeshapita, hakuna aliyemlazimisha.

"Mola wangu," akasema, "msamehe mke wangu. Nimemshughulisha mimi."

Mkazamjomba akanyamaza kulia, akamwitikia amina.