Yadi Mia Tatu na Bunduki ya Konstebo Munyoki

Siku yangu ya kwanza katika ghala la silaha pale Kitui, Sajini wa Ghala hakuniuliza jina. Alinipa nyundo ndogo ya shaba na bunduki iliyobanwa kwenye vaisi, kile kibanio cha chuma cha mezani.

"Hiki kijino kilicho mwisho wa mtutu ndicho kilengeo cha mbele," akasema. "Risasi zikienda kulia, kisogeze kulia. Cha nyuma ni kinyume. Ukichanganya hayo mawili, umemharibia mtu kazi."

Nilidhani anatia chumvi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Uwanja wa shabaha ulikuwa kwenye bonde kavu, hakuna kivuli. Bunduki iliwekwa juu ya magunia ya mchanga, ukapiga risasi tano kwa yadi mia moja, ukatembea hadi kwenye bao la shabaha, ukatazama mashimo, ukarudi, ukagonga kijino kidogo. Kisha uende yadi mia tatu uanze tena. Risasi huanguka kadiri inavyosafiri, kwa hivyo kwa masafa marefu kilengeo cha nyuma hupandishwa. Na kosa nalo hukua: upana wa kiganja kimoja kwa mia moja ni viganja vitatu kwa mia tatu.

Mwaka mmoja wa ukame, nikiwa sasa koplo, nililetewa bunduki arobaini kabla ya mtihani wa shabaha. Zilipobaki tano, miguu ilikataa. Nilizipiga kwa mia moja tu, nikaona mashimo hayajatoka kwenye bao, nikatia sahihi kitabuni kwamba zote zimepimwa mia tatu.

Moja ilikuwa ya Konstebo Munyoki, mtu mpole wa Mutomo aliyesubiri kwenda kozi ya cheo. Kwa mia tatu hakupata hata risasi moja. Inspekta alimsimamisha mbele ya wenzake.

"Munyoki, wewe ni kipofu ama unaogopa mlio?"

"Sijui, afande. Naona shabaha vizuri."

"Unaona vizuri na unapiga vichaka?"

Walicheka. Mimi pia nilicheka.

Wiki iliyofuata niliifunga bunduki ile juu ya magunia, nikaipiga kwa mia tatu. Mashimo yalikuwa pamoja, yangefunikwa na sahani, lakini yote yalikuwa kulia, nje ya shabaha. Nilikirekebisha kijino kimyakimya. Nilikuwa na watoto watatu Migwani, na kitabu kilikuwa na sahihi yangu.

Baada ya miezi minane Munyoki aliacha kazi. Alimwandikia Inspekta kwamba macho yake hayafai tena. Barua hiyo ndiyo iliyonishinda. Nilikwenda kwa Inspekta nikamweleza yote.

"Mbona hukusema wakati ule?"

"Niliogopa, afande."

Alininyang'anya cheo. Nilipopata ruhusa, nilienda Mutomo. Nilimkuta Munyoki akipura ndengu na mkewe. Nilikataa kiti, nikamwambia nikiwa nimesimama.

"Kwa hivyo macho yangu hayana shida?" akauliza.

"Hayana. Kosa ni langu."

Alitupa fimbo chini. "Nimeenda hospitali ya misheni mara tatu. Wananiambia hakuna kitu, nasema hawajui kazi." Akamgeukia mkewe. "Umesikia? Rudia, koplo, asikie vizuri."

Nikarudia. Inspekta alikuwa amenituma nimwambie anaweza kurudi kikosini. Alikataa. "Nirudi kwa wale waliocheka?"

Nilifanya kazi miaka kumi na minane zaidi, na hakuna bunduki iliyopita mkononi mwangu bila kupigwa kwa mia tatu. Wenzangu walininung'unikia kwa kuwachelewesha juani. Sasa nimestaafu, niko Kambu, magoti yamekwisha na sikio la kulia halisikii. Vijana wa kazi hii huniuliza siri ya kilengeo kizuri. Hakuna siri. Kuna kutembea hadi kwenye bao na kurudi, hata siku ile ambayo mwili wote unakuambia inatosha.