Miti Yenye Shangazi Alipanda

Shangazi yangu alikuwa mukubwa wa serikali. Alianza mwalimu wa primaire hapa Butembo, akakuwa député, akakuwa minister, na mwisho akakalia kule Kinshasa kiti chenye hakuna mwanaume wa kwetu ameshakikalia. Sauti yake batu bote ba hapa balikuwa banaijua ku radio. Alisemea sana bajane na mabinti benye ndugu zao banabafukuza ku mashamba. Alipokufa, serikali ilimuzika kule kule, na askari na fanfare. Sisi huku tulikaa kilio bila maiti. Kilio kikaisha, tukabakia na neno moja la kukata: kilima chake.

Kilima kile kiko upande wa Lubero, kilikuwa cha babu yangu. Chini bamama banalima viazi na poireaux. Juu kote ni eucalyptus, imenyooka, imekomaa. Mimi nilikitaka. Naandika wazi, sina haya.

Mimi ni mutu wa mbao. Masomo niliacha ku troisième primaire, mwaka wa tatu tu. Nilisukuma kinga, baiskeli yenye bidon za mafuta ya mawese, kutoka Manguredjipa, mabega ikavimba, ikapona, ikavimba tena. Leo niko na dépôt, niko na nyumba ya étage, na badocteur benye diplôme banakuja kuniomba mbao banasema “patron, tusaidie.” Na tangu batu ba Kayna banakimbia vita na kujenga huku kwetu, mbao hailale ndani ya dépôt hata siku moja. Donc miti yenye imekomaa hivi, mbele ya macho yangu, utaniambia niiachie nani?

Desturi pia ilikuwa upande wangu. Kwetu kilima ni cha mwanaume. Binti anaolewa, analima kwa bwana yake. Mimi njo mujukuu mwanaume wa kwanza wa babu. Yeye aliacha mutoto mumoja tu, binti, mwenye alizaliwa Kinshasa, baba yake mutu wa mbali.

Kuko na desturi ingine, na kila mutu wa kwetu anaijua mbele ya kujua kusoma. Ukimupa mutu shamba, atalima vyenye vinang’olewa: viazi, maharagi, vitunguu. Muti hapana. Mwenye anapanda muti anasema udongo ni wake. Tumeona batu banakatana mapanga juu ya muti mumoja wa avocat.

Siku ya baraza ya jamaa ilipokaribia, nilienda mwenyewe Beni, ku uwanja wa ndege, kumupokea ule binti ndani ya jeep yangu. Tulirudi nyuma ya convoi ya basoda benye bunduki. Ku barrière ya kwanza alishika mulango na mikono yote, akaniita yaya, kaka yake mukubwa.

“Yaya, ni hapa njo banauwa batu?”

“Dada, hapa hapana. Hapa banaomba sigara tu.”

Akacheka kidogo. Tukaendesha. Kisha akasema: “Nasikia unataka kilima ya mama.”

“Nani alikuambia?”

“Wewe. Ku téléphone. Siku ya kilio.”

Ilikuwa kweli. Mimi siwezi kuficha kitu. Nikamuuliza: “Utafanya nayo nini? Jembe hata hujashika.”

“Na wewe hata pumuzi hujashika. Tangu uwanja wa ndege unajisifu. Mama alisema utanichosha.” Akageuka, akaangalia njia. “Kinshasa bananiita mutu wa Kivu. Nikikosa ile kilima, huku pia nitakuwa mugeni. Sina kwetu kungine.”

“Kwangu kuko vyumba. Utakuja kila wakati unataka.”

“Mugeni njo analala kwa batu, Yaya.”

Nikakaza macho ku barabara, kulikuwa mashimo mingi.

Baraza ilikaa Lubero, ndani ya kyaghanda ya baba mukubwa, nyumba ya wanaume, moto katikati. Wanaume tulizunguka moto. Ule binti balimuwekea kiti kidogo cha jikoni ku mulango, na bamama ba viazi balisimama nyuma yake, inje. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikapita. Nikapewa neno, nikasema vizuri sana, hata maître wa tribunal angenipigia makofi. Nikataja babu, nikataja baba, nikataja damu.

Baba mukubwa, njo kaka mukubwa wa shangazi, aliniangalia tu. Meno hana tena, mais masikio iko.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza, Papa.”

“Haya. Sasa tupatie ile habari yako ya miti.”

Bote bakacheka. Sababu ile habari mimi naisema ku kila ndoa, ku kila matanga, hata ndani ya banganda za pombe za Beni.

“Papa, leo siyo siku yake.”

“Ah. Kumbe miaka yote ilikuwa bongo, uongo mutupu?”

“Nilibaambia mimi!” Huyo ni ndugu yangu mumoja, mwenye wivu, anauza misumari. “Huyu hajapanda gari moja na minister hata siku moja!”

Bakacheka zaidi. Mutu wa mbao anajua muti utaangukia wapi mbele ya kuukata, na mimi nilikwisha kuona. Nikisema ilikuwa bongo, kilima ni changu. Mais kutoka Butembo mpaka Beni nitaitwa mutu wa bongo, na kitu chenye nilifanya na mikono hii kitakuwa hakikufanyika.

Nikasimama.

Nikasema vile shangazi alikuwa minister mupya, vile jeep za serikali zilikwama ndani ya matope chini ya kilima, na gari yenye ilipita ni camion yangu ya kwanza, imejaa miche ya eucalyptus yenye nilikuwa napeleka kwa bapadri. Akapanda mbele, karibu yangu. Tulipofika ku kilima akaniambia: “Simama. Shusha miche.” Akatoa viatu, akafunga kitenge juu, akaomba jembe kwa mama mumoja wa viazi. Bagarde hawakujua baangalie wapi. Baba mukubwa mwenyewe akakuja mbio analalamika: “Mudogo wangu, panda viazi! Miti hapana!”

“Na mimi alinijibu nini?” baba mukubwa akaniuliza.

“Alisema: ‘Kaka, hii kilima niliiomba na mudomo, mukakataa. Sasa naiomba na mikono.’”

Hapo hakuna mwenye alicheka.

“Nani alipanda?”

“Yeye, Papa. Mimi nilimupatia miche tu, mumoja mumoja.”

“Mumesikia,” baba mukubwa akasema. “Udongo wa baba yetu ungeenda kwa huyu, ni haki yake. Mais mwenye alipanda miti aliufanya wake, na wake unaenda kwa mutoto wake.”

Ule wa misumari akanunguna: “Binti ashike udongo?”

“Mama yake aliushika mbele yetu bote, tukanyamaza. Wewe ulisema kitu?”

Ku mulango bamama bakapiga vigelegele, mbuzi ikachinjwa, nikakula mbuzi.

Asubui tulipanda kilima, mimi na ule binti. Alikuwa anagusa miti na mukono kama mutu anasalimia jamaa. Akaniuliza ni gani imefika saa ya kukatwa, sababu ye hajui, na ananiamini.

“Habari uliisema muzuri,” akaongeza. “Mama pia alikuwa anaisema. Mais ndani ya habari yake wewe ulikuwa unalia juu ya miche yako.”

Nikamuambia mama yake alikuwa mukubwa wa serikali, mambo ya kukumbuka ilikuwa mingi. Kisha nikachomoa panga, nikaanza kumuwekea alama ku miti ya kukata.