Mbu na Kawaida ya Watu Mia na Ishirini

Nyumbani walimwita Mbu, na hakuwa na pa kukatia rufaa. Mtu anayeingia sebuleni kwako, anakusalimia kwa heshima zote, kisha anatazama mshipa wa mkono wako kabla ya kukutazama usoni, utamwita nini? Kazini alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali kubwa, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mfupi, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likachoka. Tena alikuwa mwandishi wa makala ya kisayansi. Moja tu, lakini ilitiwa kwenye fremu na kutundikwa juu ya jokofu la sampuli, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Makala hiyo ilizaliwa na wivu. Mashine ya kupimia damu ilikuja na kijitabu kinachoeleza mtu mwenye afya anatakiwa awe na kiasi gani cha kila kitu, na mtu huyo wa kijitabu alipimiwa ng'ambo, labda akiwa amevaa sweta. Mbu akasema hapana, na sisi tuwe na kawaida yetu. Akaanza na bilirubini, ile rangi ya njano inayobaki damu kuukuu inapovunjwa, ambayo ini hulazimika kuiondoa. Ikizidi, macho huwa ya njano, na daktari hujua kuna jambo kwenye ini au kwenye njia ya nyongo. Ili apate kiwango cha kawaida, Mbu alihitaji watu mia na ishirini wazima wa afya.

Hapo akagundua kwamba mtu mzima wa afya ni mgumu kupatikana kuliko mgonjwa.

"Nitolewe damu nami siumwi?" walimuuliza. "Kwani nimekukosea nini?"

Miezi minne ikapita, akawa na watu sabini na wanne. Ndipo kikaitishwa kikao cha ukoo nyumbani kwa kaka yake, kuamua nani akae kwenye nyumba ya marehemu babu. Wengine waliona ndugu wanakutana. Mbu aliona mikono. Akawatumia ujumbe: mje bila kula. Wakaja bila kula. Ugomvi ulianza saa mbili asubuhi, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kutoka nje kuchomwa sindano huku wenzake wakigawana vyumba, sindano ya kwanza iliingia saa nane mchana.

"Ninyonye upesi," alisema Shangazi, dada wa baba yake, akikunja mkono wa gauni, "kabla sijaanza kutafuna kochi la watu."

Ndugu arobaini na sita. Ukijumlisha na wale sabini na wanne, mia na ishirini kamili, utadhani Mungu mwenyewe alihesabu. Makala ikatoka ikiwa na waandishi saba. Wawili walikuwa wameiona mashine. Wa tatu alikuwa mkuu wa maabara, wa nne rafiki wa mkuu, wa tano na wa sita walitoa ushauri wa thamani kwenye chai ya saa nne, na wa saba hadi leo hajulikani. Kuanzia siku hiyo kila karatasi ya majibu iliyotoka pale ilisema kwamba mwisho wa kawaida ni thelathini na nane. Kijitabu cha wenye sweta kilisema ishirini na moja. Mbu alieleza, kwa ukurasa mzima na nusu, kwamba watu wetu ni tofauti. Watu wetu wakafurahi sana kuwa tofauti.

Mwaka wa pili, mkuu wa maabara alipokuwa anakaribia kustaafu na kila mtu akijua kiti ni cha Mbu, akaja fundi cherehani mmoja mwenye maumivu chini ya mbavu. Bilirubini yake ilikuwa thelathini na tatu. Daktari, mwenye foleni ya watu tisini, alisoma neno "kawaida", akampa dawa ya tumbo. Siku ya kumi na moja fundi alirudishwa akiwa amebebwa, macho kama kiini cha yai, jiwe limeziba njia ya nyongo. Alipasuliwa, akapona kwa tabu.

Mbu alikwenda wodini kuchukua damu yake ya marudio.

"Ninyi ndio mlioandika mimi ni kawaida?" fundi aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Ndio sisi, baba."

"Mimi nikimshonea mtu suruali, nampima yeye. Ninyi mlinipima kwa kiuno cha nani?"

Mbu aliichukua damu. Alirudi maabara, akafungua data zake za zamani, akazichora upya. Grafu ya watu wa kawaida hutakiwa kuwa na kilima kimoja. Yake ilikuwa na viwili, kama ngamia. Zamani alikuwa ameviona akaviita "utofauti wa jamii yetu". Sasa akasoma namba za usajili za waliokaa kwenye kilima cha pili, zote za baada ya sabini na nne: sabini na tano, sabini na tisa, themanini na mbili. Akaendelea, na kila namba ilikuwa na sura. Huyu mjomba. Huyu kaka. Huyu Shangazi, aliyetaka kutafuna kochi.

Kuna hali ya kurithi ambayo ini huiondoa rangi hiyo polepole. Haidhuru kitu. Mwenye nayo hula, huoa, huzeeka, hugombea nyumba ya babu. Lakini akikaa na njaa, bilirubini hupanda. Na Mbu alikuwa amewakalisha njaa mpaka saa nane. Kipimo cha vinasaba kingethibitisha, damu bado ilikuwepo kwenye barafu, ila ilihitaji ruhusa ya wenyewe. Akaenda kwa Shangazi, maana ukoo ule Shangazi akikubali wengine hujulishwa tu.

"Kwa hiyo tuna ugonjwa wa ini," alisema Shangazi.

"Hapana, Shangazi. Si ugonjwa."

"Ila utaandika kitabuni."

"Nitaandika kwamba walikuwa ndugu, na kwamba nilikosea kuwaweka pamoja. Majina hayatakuwepo."

"Nina mabinti wawili hawajaolewa, Mbu. Watu wakisikia ini, nani atakuja kubisha hodi?"

"Kuna mtu amepasuliwa kwa sababu ya namba yetu."

Shangazi alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Kisha akasema, "Babu na bibi yako walikuwa watoto wa ndugu. Huwa tunalisema haraka haraka hilo. Mficha uchi hazai. Haya, pima. Ila ukinikalisha njaa tena, nitakuuma mimi."

Majibu yalikuja Jumatatu: ishirini na tisa kati ya arobaini na sita walikuwa na hali hiyo. Usaili wa ukuu ulikuwa Alhamisi. Mbu akampelekea mkuu rasimu ya barua ya masahihisho, pamoja na tangazo la kurudisha ishirini na moja.

"Nzuri sana," mkuu alisema bila kuifungua. "Itume Ijumaa."

"Mkuu, tunatoa karatasi thelathini kwa siku."

"Na wewe una makala moja. Ukiifuta, Alhamisi utaingia na nini? Na nywele zako tu?"

Alikwenda kuwaomba waandishi wenzake saini. Siku ya kuchapishwa wote walikuwa wazazi. Sasa mtoto amevunja dirisha la jirani, akawa mtoto wa Mbu peke yake. Wa nne alisema hakumbuki kushiriki. Wa tano alisema alishiriki kwa kiasi kidogo sana, kiasi ambacho kwa bahati mbaya hakikuonekana siku ile jina lake lilipokaa juu ya la mwenziwe. Mbu alilala akiliwaza jambo hilo usiku mmoja. Jumanne asubuhi alizunguka wodi zote na gundi, akabandika tangazo lenye saini yake peke yake, kisha akaituma barua kwa jarida.

Alhamisi wasaili walikuwa watatu. Mwenyekiti alishika karatasi mbili.

"Tunaona una chapisho moja."

"Ndiyo."

"Na masahihisho ya chapisho hilohilo."

"Ndiyo."

"Kwa hesabu nyepesi, una sifuri."

"Kwa hesabu yangu, mheshimiwa, nina watu mia tatu na kumi na wawili waliozidi ishirini na moja wakaambiwa ni kawaida, kwa miaka miwili. Nimeshawapigia sitini. Wanne wamerudi hospitali."

Wasaili wakaandika kitu. Kiti kilikwenda kwa bwana mmoja mpole kutoka nje, mwenye makala kumi na tisa, ambaye alimpa Mbu chumba cha pembeni na kibali cha kuanza upya. Watu mia na ishirini, wasiohusiana, waliokula jana yake jioni na kutolewa damu asubuhi mapema.

Sasa anakaa kwenye benchi la korido na daftari, anauliza maswali. Juzi alikuwa na mchomeleaji mageti, mtu wa sitini na tatu.

"Mama yako katokea wapi? Na bibi mzaa mama?"

"Dada, unanipima damu au unanichumbia?"

"Jibu tu, kaka."

Akajibu. Mbu akaweka kalamu chini.

"Bibi yako ndiye yule mrefu, aliyekuwa na duka la vitambaa?"

"Huyohuyo! Unamjua?"

"Ni mdogo wake bibi yangu."

"Basi wewe ni binamu!" Mchomeleaji akasimama, mikono wazi, korido nzima ikageuka. Mbu alimkumbatia kwa moyo mmoja, akampa mkate wake mwenyewe maana jamaa hakuwa amekula, akapiga mstari juu ya namba sitini na tatu, kisha akainua kichwa.

"Anayefuata!"