Watu Watakaokula Samaki

Nilipokuwa mtoto kule Kolwezi, niliamini kwamba kijito kina masikio, tena makali kuliko ya mwalimu wetu. Kambo, yaani bibi mzaa mama, ndiye aliyenifundisha. Kila kiangazi, maji yakipungua, wanawake wa kwao waliziba kijito kwa matope na nyasi, kisha wakayateka maji kwa mabeseni mpaka samaki wabaki wakirukaruka kwenye tope. Lakini kabla ya kutia mguu majini, kila mmoja alimwaga unga kidogo na kutaja kwa sauti watu wake wote watakaokula. Ukificha hata mmoja, alisema Kambo, mwenye maji, yule mzimu wa kijito, hufunga mkono wake.

Mwaka ule tulihitaji samaki kwelikweli. Kazi za mgodi zilikuwa zimeporomoka, na baba yangu, Tshibangu, alikuwa amefukuzwa kwa sababu wazazi wake walitoka Kasai, mkoa mwingine. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, lakini nani alijali? Watu wa asili ya Kasai walikuwa wamejaa kituoni, wamelala juu ya magodoro yao, wakingoja treni. Wajomba zangu, Walunda wenyeji wa pale kama mama, walimwambia mama amwache mumewe aende peke yake. Mama hakuwajibu. Niliogopa, maana sikujua ningebaki na nani.

Asubuhi moja Kambo alikuja kumchukua mama wakavue, nami nikafuata na kitunga changu. Tuliwakuta wanawake wengine wameshaanza kuziba upande wa chini. Mmoja aliinua kichwa, akamwelekea mama.

"Mujing, weye bibi ya ule mugeni ya Kasai, usiingie. Samaki yote itakimbia."

"Uyu mi nilimuzalaka," Kambo akamjibu. "Maji inamujua mbele ya kukujua weye."

Mama akamwaga unga. Akataja jina la Kambo, akataja langu, Ngalula. Akaishia hapo. Wanawake walikuwa wakimtazama. Kisha akaingia majini.

Walifanya kazi mpaka jua likatuchoma utosi. Kambo alikandika tope, mama akateka maji, bila kuambiana kitu, kwa kuwa walikuwa wamevua pamoja tangu mama akiwa msichana. Tulipata visamaki ambavyo hata paka angevisusa. Halafu boma la tope likapasuka na maji yote yakarudi.

Kambo alinawa mikono. Hakukasirika.

"Mujing, mutoto yangu, Tshibangu yeye hatakula?"

"Mama, bale bote banasikia."

"Basi basikie. Ao umemuacha? Sema tu, mi nijue."

Mama alipanda ukingoni, akachukua unga uliobaki, akawageukia wale wanawake badala ya kuyageukia maji.

"Ku nyumba yangu kuko Tshibangu, bwana yangu. Yeye atakula wa kwanza. Fasi ataenda, mi naenda."

Sijawahi kumwona mama mrefu vile. Kambo alimtazama huku machozi yanamtoka na anacheka. Alijua kwamba kwa maneno yale binti yake anaondoka, na hata hivyo alijivuna kama mama wa bibi harusi. Mimi nilijivunia wote wawili, ingawa nilikuwa na tope mpaka masikioni.

Waliziba upya. Safari hii boma lilishika, na chini ya mizizi tukatoa kambale weusi, wanene, mpaka vitunga vikatuelemea. Yule mwanamke aliyetuzuia alikuja kutusaidia kubeba. Kambo hakumdai msamaha.

Nyumbani tulimkuta baba amefunga mzigo mmoja, wake peke yake. Alikuwa ameamua kutuondolea taabu. Mama aliufungua ule mzigo, akatia nguo zake na zangu, akaukaza tena kwa goti. Ndipo akawasha moto.

Watu huniuliza kama bado naamini kwamba maji yana masikio. Wengine hunieleza kwamba mara ya pili boma lilikandikwa vizuri zaidi, basi. Sibishani nao. Treni tuliipanda sote watatu, na huko Kasai tulikotupwa tuliteseka sana. Lakini sikulala hata usiku mmoja nikijiuliza mimi ni mtoto wa nani.