Keki Inayoviringishwa Ingali ya Moto

Nikipindua keki ya moto juu ya sukari, harufu yake hunirudisha jikoni kwetu Hillbrow, ghorofa ya tisa. Mama alikuwa fundi cherehani, lakini alitaka kazi katika mkahawa wa mwanamke Mswidi kule Turffontein. Mswidi yule alimwonyesha mara moja tu keki ya kwao: nyembamba, inapakwa jamu kisha inaviringishwa. Siku ninayoikumbuka, Mama alitakiwa kumpelekea aliyoioka mwenyewe, saa sita mchana, kama jaribio.

Ya kwanza aliiacha ipoe, kama tulivyozoea keki zetu. Alipoiviringisha, ikapasuka katikati. Yalibaki mayai matatu, na mgao wa umeme ulikuwa uanze saa nne. Ilikuwa saa nne kasoro robo.

"Eish, Mama, tununue moja dukani. Hatajua."

"Atajua. Iliyopasuka ni ya kwetu, hii sasa ni ya kwake, inaviringishwa ikiwa moto. Mwaga sukari kwa karatasi, maman." Ndivyo alivyozoea kuniita mimi bintiye.

Ilikaa kwenye oveni dakika saba. Mama akaipindua ikitoa mvuke, akapaka jamu, akaiviringisha kwa mkono uleule wa kuviringisha jora la kitenge, huku akipuliza vidole. Friji ikanyamaza, umeme ulikuwa umekatika. Akabandua karatasi polepole.

Keki ilikuwa nzima.

Akakata ncha mbili zisizonyooka, moja yangu, moja yake. Tukala tumesimama.

"Vaa viatu," akasema, akijilamba jamu kidoleni. "Wewe ndiye utakayeibeba."