Mwaka Ambao Mama Hakufukia Nyasi

Mama yangu alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alilitaja kila alipopata nafasi: tangu aolewe, hajawahi kununua chakula. Si debe la mahindi, si kilo ya unga. Wanawake wenzake wa jumuiya, kule kwetu upande wa Kaengesa, walikuwa wamelisikia mpaka wengine wamelichoka. Baba alipofariki, sisi tukiwa bado wadogo, watu walidhani sasa atanunua. Hakununua. Alitulea wanne kwa jembe, kwa shamba lile la mteremkoni, na kwa ntumba.

Ntumba ni vilima vya udongo tunavyotengeneza sisi Wafipa. Mwezi wa pili au wa tatu, nyasi zikiwa zimesimama na mvua bado ipo, unazipindua pamoja na udongo wake, unazirundika na kuzifukia, mpaka shamba zima linajaa vilima vya kufika magotini. Juu yake unaweza kupanda maharage. Ndani nyasi zinaoza taratibu. Mvua za msimu mwingine zikianza, unavisambaza vile vilima na kupanda mahindi au ulezi kwenye udongo mweusi. Kazi yenyewe inavunja mgongo, na ukiiruka mwezi wa pili, mwezi wa kumi na moja huna cha kusambaza.

Mimi nilikuwa na duka la pembejeo Sumbawanga mjini, karibu na stendi. Niliuza mbegu, dawa za kupulizia na mbolea. Nilikuwa nimehudhuria semina tatu na kila semina ilinipa kofia, kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Mwezi wa pili mmoja nilikwenda nyumbani nikamkuta mama ameinama shambani, ana miaka sitini na kitu, anapindua nyasi peke yake. Nilikasirika, na nikaidhani hasira ile kuwa ni upendo. Nikamwambia mambo haya yamepitwa na wakati. Lami imefika, nchi inajenga viwanda, mbolea ikishuka bandarini leo, baada ya siku chache iko dukani kwangu. Aache kujiumiza, mwaka huu alime sesa, shamba tambarare bila vilima, mbolea nitamletea mwenyewe kabla ya mvua.

Alinisikiliza akiwa ameegemea mpini wa jembe. Halafu akauliza swali moja.

"Na isipokuja?"

Nilicheka. Nilimwambia haiwezi kukosekana, mimi ndiye ninayeiuza.

Alichukua majani akafuta udongo kwenye jembe lake, pole pole, upande mmoja kisha wa pili. "Kama umesema wewe," akasema, tukaingia ndani kula. Mwaka ule hakufukia nyasi tena.

Mwezi wa kumi wateja walianza kuja kuuliza mbolea ya kupandia. Nikampigia wakala wangu aliyeko Mbeya, yeye akampigia mtu wake anayetoa mizigo bandarini, na jibu likarudi kwa njia ileile: meli ipo, imetia nanga, haijapata gati. Mimi bahari sijawahi kuiona, lakini mwaka ule ungenisikia ukadhani nimezaliwa ufukweni. Nilieleza watu wa Ufipa habari za gati, na zamu, na meli zinazosubiri kwa wiki. Niliambiwa zilikuwa nyingi kwa sababu nchi inajenga. Kuna iliyobeba reli, kuna ya mitambo ya viwanda, kuna ya vyuma, na yetu ya mbolea ipo nyuma yao. Nilikuwa nimeziona hizo reli na hivyo viwanda kwenye televisheni ya dukani, nikapiga makofi na wateja wangu. Sikuwa na mtu wa kumlaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Meli ilipopata gati, mvua zikaanza pwani, na mbolea haishushwi kwenye mvua. Iliposhushwa, malori yakawa hayatoshi. Wenye malori walikuwa wanakimbilia mizigo ya Zambia na Kongo inayowalipa vizuri. Kila mteja nilimwambia wiki ijayo. Mwanzoni walikaa kwenye benchi tukapiga soga. Baadaye wakawa wananisalimia wakiwa barabarani na kupita.

Mvua ya kupandia ilitukuta hivyo. Nilikwenda nyumbani na mfuko wa mbegu tu. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, akaangalia mikono yangu, halafu akaangalia nyuma yangu kama kuna gari linakuja. Shamba alikuwa amelilima sesa kama nilivyomwagiza, limenyooka, safi, na udongo wake umepauka. Tukapanda. Mimi nachimba vishimo mbele, yeye nyuma anatia mbegu na kufukia kwa mguu. Nilitamani anigombeze.

Mwezi wa kwanza mahindi yalikuwa ya njano. Nilijitoa aibu nikaenda kwa jirani yetu mfugaji, mzee aliyehamia na familia yake kutoka Kanda ya Ziwa, kuomba samadi. Alisikitika kweli. Alisema wenye akili waliichukua tangu kiangazi, akakwangua kilichobaki zizini, akanijazia mkokoteni mmoja kwa heshima ya mama. Ilitosha kipande kidogo nyuma ya jiko. Kipande kile kikawa kijani kabisa, na kingine chote kikabaki vilevile, hata mpita njia aliuona mpaka wake.

Mbolea iliingia Sumbawanga mwezi wa pili, mahindi yakiwa yameshaanza kutoa mbelewele. Hakuna aliyeikimbilia. Nilipakia mifuko miwili nikaipeleka kwa mama, maana niliahidi. Nilimkuta shambani, ameinama, anapindua nyasi. Vilima vya ntumba vilikuwa vimeshafika nusu ya sehemu iliyokuwa imepumzishwa. Akaniambia niweke mbolea ndani isinyeshewe. Nikaiweka, nikachukua jembe la pili. Kufika mchana viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Yeye alinisemesha mara moja tu, kunielekeza nipindue vizuri ili nyasi ziwe chini.

Mavuno ya mwaka ule hayakujaza kihenge hata robo. Mama alikausha, akapukuchua, akahifadhi, hakulalamika. Lakini mwezi wa kumi nilifika kwake saa saba mchana bila taarifa, nikakuta mafiga ya baridi. Alisema hajisikii njaa. Nilimwangalia mabega yalivyokonda, nikajua hiyo habari ya kutosikia njaa si ya siku moja.

Nilirudi mjini nikiwa nimeumia. Unga nisingeweza kumpelekea, kwa sababu angejua ni wa kununua. Nikaona bora ninunue mahindi sokoni, niyatie kwenye magunia makuukuu, nimwambie yametoka kwenye kishamba changu cha Kasense. Ninacho kweli kishamba Kasense, nusu eka, nalima kabichi.

Magunia yaliposhushwa, mama alifungua moja akachota kwa kiganja. Punje nyingi zilikuwa zimekatika, za kupukuchuliwa kwa mashine.

"Siku hizi Kasense mnapukuchua kwa mashine?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Nusu eka, na mashine. Hata mimi niliposikia sauti yangu niliona haya.

"Haya," akasema. Akaenda kuleta ungo, akakaa, akaanza kupepeta.

Jumamosi iliyofuata sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya nyumbani kwetu, nami nilikuwa bado sijaondoka. Baada ya sala wanawake walibaki kunywa chai, na mazungumzo yakageukia msimu unaokuja. Mmoja wao, mteja wangu wa siku nyingi, aliweka kikombe chini akasema anataka ushauri. Alisema mimi huwa nawashauri dukani waachane na ntumba wategemee mbolea. Anajua mama aliziacha mwaka jana. Sasa anataka kusikia kwa mama mwenyewe, ilikuwaje.

Wote wakanigeukia, halafu wakamgeukia mama. Nilijua ninachotakiwa kusema. Nilitakiwa kusema ni mimi, nilimdanganya mama yangu kwa kujua kwingi, nikafunga maisha yake na meli ambayo sijawahi kuiona. Maneno yote nilikuwa nayo. Nikaangalia chai yangu.

"Huyu hakuniambia kitu," mama akasema. "Nilikuwa naumwa mguu, nikashindwa kufukia nyasi. Ndiyo maana mwaka huu nakula mahindi ya kununua."

Alilisema lile neno la kununua kwa sauti ileile aliyotumia miaka yote kulikana. Hakuna aliyecheka, hata wale waliochoka majivuno yake. Halafu, kwa huruma, wakaanza kumtajia dawa za mguu. Huyu anajua majani fulani ya kuchemsha, yule anajua mganga wa mifupa Namanyere. Mama aliwaitikia mmoja mmoja, akashukuru. Yule mteja wangu akaniuliza mbolea ya mwaka huu nitaingiza lini, maana anataka kuweka nafasi mapema. Nikamjibu.

Mama hajawahi kuumwa mguu. Anapanda mteremko ule mpaka leo kunishinda mimi.

Kesho yake, baada ya misa, mmoja wa wale wanawake alikuja na kichupa cha mafuta ya kuchua, amekifunga kwenye kitambaa safi. Mama alikipokea kwa mikono miwili. Mgeni akaketi, ni wazi anataka kuona yakitumika. Mama akaniita kutoka jikoni, akakaa kwenye mkeka, akapandisha khanga, akanyoosha ule mguu wake mzima mbele yangu, akaniambia nichue taratibu. Nikapiga magoti, nikamimina mafuta kiganjani, nikaanza kumchua.