Maziwa Hayafiki Mapafuni

Saa moja asubuhi mtaa wa Lizaboni, Songea, injini ya dizeli inanguruma na Kajetani Luambano anamimina debe la mahindi kwenye mashine ya kusaga. Dirisha limezibwa kwa gunia. Nyusi zake ni nyeupe, kope nyeupe, macho mekundu.

"Nikifungua, upepo unapeperusha unga. Kina mama wanakuja juu, 'Unatuibia!'" anasema, kisha kikohozi kinamkata kauli. Anashikilia mlango mpaka kipite.

Tangu biashara iachwe huria, mashine za watu binafsi zimezuka kila kona. Mteja akinuna, anahamia kwa jirani. Basi dirisha halifunguliwi, nasi tunakula sembe letu kwa raha zetu. Jamani, tumwogope Mungu!

Kwa miaka tisa Kajetani amejikinga kwa kikombe cha maziwa kila jioni, kama wasagaji wenzake. Wanaamini maziwa husafisha kifua.

Mwaka huu wa 1994 kilima cha kwenda kanisani kilimshinda, akaenda hospitali. Huko Daktari Tumpe Mwakalinga alimvunja moyo.

"Maziwa yanakwenda tumboni. Hewa ina njia yake," daktari anaeleza. "Inaingia puani, inapita kooni, inashuka kwenye mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, hadi kwenye vifuko vidogo mno. Humo damu inachukua hewa safi na kutoa chafu. Vumbi kidogo hunaswa na makohozi, mtu akalikohoa. Lakini la kila siku huvimbisha mirija, njia ikawa nyembamba. Ikishapata makovu, hairudi kama zamani."

Alimtaka aache kazi hiyo mapema, kabla pumzi haijakatika kabisa.

Mkewe, Skolastika, bado ana uchungu. "Watoto walikunywa uji mtupu ili baba yao apate maziwa," anasema, akijifuta machozi kwa khanga. "Kumbe tulikuwa tunajidanganya!"

Kajetani anapanga kuondoka mvua za kwanza zikinyesha, akalime shamba aliloachiwa na marehemu baba yake. "Kule hakuna vumbi la unga," anasema.

"Jembe nalo linataka pumzi, baba Oliva," mkewe anamwambia kwa upole.

Kajetani anavuta hewa kwa mdomo, mabega yanapanda na kushuka.

"Nikishindwa kusimama," anasema, "nitalima nimepiga magoti."